Muhula wa Pili: Watoto Wetu wa Korbesa Watasoma Nini?



Muhula wa pili huanza mwisho wa mwezi wa nne na kufungwa Agosti ikikaribia. Kwetu huo ni wakati ambao mvua za ganna zinakwisha na baridi kavu ya adolessa inaingia. Maziwa bado yapo, lakini mifugo inaanza kusogezwa kufuata malisho. Ndiyo maana tumechagua kueleza masomo ya muhula huu kuliko mingine. Mtoto anayeondoka na mifugo mwezi wa sita tunasema amekosa "siku chache tu". Sivyo. Anakosa sura nzima ya hesabu, tena ile ambayo mfugaji anaitumia kila siku, na anaweza kukosa kazi ambazo alama zake zitamfuata. Hilo la alama tutalieleza mwishoni.

Kwanza tusahau kidogo shule tuliyosoma sisi. Wengi wetu tulipita 8-4-4 iliyoanza mwaka 1985, na wengine tulijua kusoma kwa ngumbaru tukiwa watu wazima. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ule watu wanaouita CBC, uliingia madarasani mwaka 2019. Darasa sasa ni gredi. Shule ya msingi inaishia Gredi ya 6, halafu mtoto anaingia sekondari msingi ya Gredi ya 7 hadi 9, ambayo tangu Januari 2023 iko katika uwanja huohuo wa shule ya msingi.

Kuna wazazi bado wanalalamika ati mtoto ana masomo 12. Habari hiyo imepitwa. Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa: Gredi ya 1 hadi ya 3 yalitoka 9 yakawa 7, na Gredi ya 4 hadi ya 6 yalitoka 12 yakawa 8. Wadogo wana vipindi 31 kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Wakubwa wana vipindi 35 vya dakika 35.

Hesabu: muhula wa kupima

Muhula wa kwanza kwa kawaida huenda kwa namba: kuhesabu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Gredi ya 4 husoma namba mpaka makumi ya maelfu, ya 5 mpaka mamia ya maelfu, na ya 6 wanafika mamilioni. Muhula wa pili ndio wa vipimo: urefu, uzito, ujazo, saa na pesa. Mwalimu anaweza kugeuza mpango kidogo, lakini njia ni hiyo.

Watoto wadogo hawaanzi na rula. Gredi ya 1 wanalinganisha tu: fimbo hii ni ndefu kuliko ile, mtungi huu unachukua maji mengi kuliko ule. Gredi ya 2 wanapima kwa kitu kimoja wanachokirudia, kama kamba au kikombe. Gredi ya 3 ndipo wanafika kwenye mita, kilo na lita. Kwa hiyo mtoto wako akirudi nyumbani akaanza kupima mlango kwa shibiri zake, usimwambie aache mchezo. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

Kwa wakubwa hesabu inakuwa ya kweli kabisa. Tuseme familia ina ng'ombe 12, na kila mmoja anakunywa lita 30 kwa siku. Hizo ni lita 360. Mbuzi 40 wakinywa lita 4 kila mmoja ni lita 160. Jumla ni lita 520, yaani mitungi 26 ya lita 20. Mtoto wa Gredi ya 5 anaweza kuifanya hesabu hii akiwa amekaa kando ya kisima. Mwambieni aifanye kwa mifugo yenu wenyewe. Anayepanga zamu ya kunywesha, yule aba herega, anafanya hesabu kama hiyo kichwani kila siku bila daftari, na itakuwa vizuri mtoto akisikia kutoka kwake kwamba shule na kisima havipigani.

Saa pia husomwa katika vipimo. Hapa wazee wetu wana utajiri ambao vitabu vya Nairobi havina. Kalenda ya Borana ina majina 27 ya siku, na mwezi wa angani unachukua siku 29 na nusu hivi. Ndiyo sababu mwezi hauanzi kwa jina lilelile kila mara. Mzee anayejua kuhesabu siku na nyota akikaribishwa darasani kwa kipindi kimoja tu, watoto wa Gredi ya 6 watapata hesabu ya kuwatosha wiki nzima.

Na pesa. Gredi za juu wanasoma bajeti, akiba, kodi, faida na hasara. Jaribuni hii kwenye mkutano wa kikundi: mbuzi amenunuliwa kwa shilingi 5,000, ameuzwa sokoni kwa 6,500, lori limechukua 400, na soko 100. Faida ni ngapi? Mtu mzima atajibu haraka 1,500. Mtoto aliyesoma vizuri atasema 1,000, na ndiye atakuwa amesema kweli. Kikundi chenye kitabu cha mahesabu kinaweza kumwita mtoto wa Gredi ya 6 ajumlishe ukurasa mmoja, mweka hazina akiwa kando yake. Yeye anapata mazoezi, na nyinyi mnapata mtu wa kukagua.

Lugha tatu kwa mara moja

Mtoto wa Korbesa anaingia Gredi ya 1 akiwa na Kiborana. Mpango wa serikali, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali pake mpaka Gredi ya 3, kisha Kiingereza kichukue nafasi kuanzia Gredi ya 4. Kiborana kina pia vipindi vyake viwili kwa wiki katika gredi hizo za chini, Kiswahili kina 4, na Kiingereza kina 5.

Kuna wazazi wanaokasirika wakisikia Kiborana darasani. "Hicho anakijua, nimempeleka akajifunze Kiingereza." Tunaelewa, lakini hapa tunaona wanakosea. Kusoma ni kuunganisha herufi na sauti na maana. Ikiwa maana yenyewe haijulikani, mtoto anakariri kama kasuku na mwaka unaisha. Akishajua kusoma neno la nyumbani kwao, ujuzi huo hauondoki. Anauhamishia kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kiswahili kina ugumu wake kwa watoto wetu, na wazazi wakiujua watawavumilia. Kiborana cha asili hakina sauti ya v, wala z, wala p. Mtoto akisema "fitabu" hajakuwa mjinga. Ulimi wake unatafuta sauti iliyo karibu. Halafu katika Kiborana kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kumbe Kiswahili hukiweka katikati. Na lile jambo la kitabu changu, vitabu vyangu, mbuzi wangu, maziwa yangu, linamtesa kwa sababu kwao neno "yangu" halibadilikibadiliki hivyo. Hii haitibiwi kwa kiboko. Inatibiwa kwa kusikia. Kama kuna redio nyumbani, habari za Kiswahili za jioni ni mwalimu wa bure. Mwachieni mtoto asikilize, kisha awaelezee kwa Kiborana alichosikia. Hapo amefanya mazoezi ya lugha mbili.

Muhula huu wataendelea na stadi zilezile katika Kiswahili: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, na sarufi. Gredi za juu wanaandika insha na barua. Kama kikundi chenu kina barua ya kuandikia ofisi fulani, mpeni mtoto aandike nakala ya kwanza. Mtairekebisha pamoja.

Mazingira, kilimo na lishe

Gredi za chini wana somo moja la mazingira, ambalo siku hizi limemeza pia usafi na lishe. Wanasoma hali ya hewa, maji, udongo, mimea, wanyama na usafi wa mwili. Gredi za juu wana Kilimo na Lishe, vipindi 4 kwa wiki: kuhifadhi udongo na maji, kutengeneza mboji, bustani, kufuga, mlo bora, kuhifadhi chakula, na namna ya kuishi na wanyama wa porini bila kuumizana.

Mtu atauliza, mboji itafanya nini Korbesa? Swali zuri. Mtaala umeandikwa kwa Kenya nzima, na mahali pengine unanukia shamba la mahindi kuliko boma la ngamia. Lakini hapa mto Ewaso Ng'iro uko karibu, samadi imejaa bomani, na bustani ndogo ya sukuma iliyofunikwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke haihitaji maji mengi. Tumeona ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana, kisha mafuriko yakaja mwishoni mwa 2023 katika kaunti hii hii. Mtoto anayejua namna ya kushika maji na udongo amepata kitu.

Upande wa wanyama wa porini hatuhitaji kitabu. Ua wa miiba, moto wa usiku, mbwa, mahali pa kupita tembo: wazazi ndio walimu. Mwalimu aliyetoka mbali anaweza kuwa hajawahi kusikia fisi akizunguka zizi. Mzee mmoja akienda kueleza namna boma linavyojengwa, na kwa nini mlango unaelekea upande fulani, amefundisha kipindi kizima.

Kuna jambo moja ambalo shule na nyumbani huenda vikagongana, nalo ni maziwa. Mtoto atafundishwa kwamba maziwa yachemshwe. Nyumbani bibi anafukiza chombo kwa moshi wa mti maalum na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika. Ukweli ni kwamba moshi huo una kazi. Unapunguza vijidudu ndani ya chombo, na mama zetu walijua hivyo kabla ya maabara yoyote. Lakini moshi hauui ugonjwa uliotoka tayari kwenye mnyama. Brusela, ule ugonjwa wa homa ya kurudirudi na maumivu ya viungo, unapita ndani ya maziwa mabichi, na dawa yake ni kuchemsha. Mtoto akiwaambia "mwalimu amesema tuchemshe", msimfokee. Chemsheni, kisha mimineni katika chombo kilichofukizwa. Hakuna aliyeshindwa hapo.

Sayansi na Teknolojia tutaipita haraka: mimea, wanyama, mwili wa binadamu, maada, nguvu na nishati, na mwanzo wa kompyuta pale vifaa vilipo.

Masomo ya jamii

Gredi ya 4 wanasoma kaunti yao, ya 5 wanasoma Kenya, ya 6 wanasoma Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa Gredi ya 4, mwaka huu anasoma Isiolo: mto, malisho, miji, hifadhi za wanyama kama Shaba na Buffalo Springs, uongozi wa kaunti, na historia ya watu wake.

Kwa historia tuna neno. Kitabu kinachochapwa kwa nchi nzima hakiwezi kueleza kila kijiji. Wazee wa Waso wanaukumbuka wakati wanaouita Gaf Daba, miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu walipowekwa kambini na mifugo mingi ikapotea. Sheria za hali ya hatari za sehemu hizi ziliondolewa mwaka 1991 tu. Watoto wengi hawajui kwa nini babu alikuwa na ng'ombe mia na baba alianza na mbuzi watano. Wazee waeleze, na waeleze kwa utulivu, wakimshirikisha mwalimu, bila kuchochea jirani yeyote. Na wakiwa hapo waeleze pia dedha, namna wazee walivyogawa malisho ya kiangazi na ya mvua. Huo ni uongozi, na uongozi umo katika mtaala.

Dini na sanaa

Somo la dini lina vipindi 3 kwa wiki. Jarida hili ni la kanisa, lakini kila mtu anajua kwamba watoto wengi wa Korbesa ni Waislamu, na hao wanasoma elimu ya Kiislamu. Wachache Wakristo wanasoma yao. Ndivyo Katiba ya 2010 inavyotaka, na ndivyo tunavyoona ni haki. Tunaomba tu wazazi na walimu wa duksi wakae na mwalimu mkuu kupatanisha saa. Mtoto anayeamka alfajiri kwa duksi na kufika darasani akiwa amechoka au amechelewa kila siku anapoteza kipindi cha kwanza, na mara nyingi hicho ndicho cha hesabu.

Sanaa wazazi wengi huiona ni kucheza. Kumbe ndiyo yenye vipindi vingi kuliko somo lolote: 7 kwa wiki gredi za chini, 6 gredi za juu. Ndani yake kuna kuchora, kazi za mikono, nyimbo, ngoma na michezo. Akina mama wanaofuma vyombo vya maziwa na kutunga shanga wana kazi hapa, na hakuna chuo kilichomfundisha mwalimu ufundi huo kama walionao.

Vitu vya kuleta shuleni

Malalamiko yanayorudi kila mkutano ni haya: "Shule inataka vitu kila wiki." Leo karatasi ya rangi, kesho picha zichapwe saiba, na saiba iko wapi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule ya umma haitozi karo ya mafunzo, na pia inampa mzazi wajibu wa kumweka mtoto shuleni. Serikali imekuwa ikihesabu shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na mara nyingi pesa zinachelewa kufika. Mwalimu naye amebanwa.

Lakini mtaala wenyewe unataka vifaa vinavyopatikana mahali pale. Hakuna mahali unaposema lazima kununua. Kama umeambiwa ulete picha ya mnyama, mtoto achore kwa mkono. Kama ni kifaa cha kupimia, chupa ya maji iliyokwisha inatosha. Tunapendekeza kila kikundi kiwe na gunia moja: chupa, vifuniko, maboksi, kamba, vipande vya vitambaa, mbegu, udongo wa mtoni. Mwalimu akihitaji kitu anatuma mtoto kwenye gunia kabla ya kutuma mzazi dukani. Gunia halina gharama, na mwanachama mmoja anaweza kulitunza kwake.

Alama, na mifugo inapohama

Sasa jambo tuliloahidi. Zamani mtoto angeweza kupotea nusu ya mwaka, akarudi, akakaza macho darasa la nane na kufanya KCPE. Njia hiyo imefungwa. Gredi ya 4, 5 na 6 wanafanya kazi za kupimwa shuleni, zinazotumwa na Baraza la Mitihani, KNEC, na mwalimu anaandika alama na kuzipeleka. Nyingine ni za mikono na zinachukua siku kadhaa. Gredi ya 6 wanamaliza na KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022. Haimzuii mtu kuingia Gredi ya 7, na hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Matokeo yake yana asilimia 20 katika kumpangia mtoto nafasi ya sekondari ya juu. Kazi za Gredi ya 7 na 8 zina 20 nyingine, na mtihani wa Gredi ya 9 una 60. Mtoto asiyekuwapo hapewi alama ya huruma.

Ripoti yenyewe haina nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Inasema mtoto amezidi matarajio, amefikia, amekaribia, au yuko chini. Ikisema "chini ya matarajio" kwa somo ambalo mtoto hakuwapo, usimpige. Muulize mwalimu ni kazi gani hakuifanya, na kama inaweza kufanywa.

Tunajua mifugo haiwezi kungoja shule ifungwe. Hapo ndipo kikundi kina nguvu kuliko familia moja. Familia tano zikiunganisha mifugo, vijana watu wazima wawili wanatosha kuchunga, na watoto wanabaki. Au lipeni mchungaji: wanachama 20 wakitoa shilingi 250 kila mwezi ni 5,000, na kila kikundi kinajua bei ya kwake. Mtoto abaki kwa shangazi au bibi hapa Korbesa, na kikundi kimpelekee bibi huyo unga na maziwa ili mzigo usiwe wake peke yake. Msiwasahau wasichana. Mvulana anaonekana akienda na ng'ombe, lakini msichana aliyebaki nyumbani kuchota maji na kushika mtoto anakosa vipindi vilevile bila mtu kumhesabu.

Na kama familia lazima ihame yote, nendeni kwa mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, siyo baada. Ombeni barua ya uhamisho, na mwulize namba ya tathmini ambayo KNEC humpa mtoto akiandikishwa kuanzia Gredi ya 3. Namba hiyo ni yake popote aendapo, na shule itakayompokea inaihitaji ili alama zake zisipotee. Iandikeni kwenye karatasi mbili: moja ikae pamoja na kadi ya kliniki, nyingine kwa katibu wa kikundi.